Nilivyowashtaki polisi wa Los Santos: uzoefu wangu na mahakama ya seva ya kuigiza

Nimecheza kwenye seva hii ya mchezo wa kompyuta wa GTA V mwaka mmoja na miezi kadhaa, mhusika wangu akiwa dereva wa teksi. Jina la seva silitaji, kwa sababu walionikosea bado wanacheza humo na hatuna ugomvi. Ninachotaka kueleza ni mahakama yake. Wengi wetu huku tunaingia kwenye seva hizi kwa ajili ya magari na bunduki, wala hatujui kwamba mle ndani mna jaji, karani na masjala, na kwamba ukikamatwa ovyo unaweza kudai haki yako ukaipata. Mimi nilidai. Ilinichukua siku 26 na usiku mmoja wa kukesha, na nikikamatwa vile tena nitarudi pale pale.

Kwa asiyezijua seva za namna hii: inaendeshwa juu ya FiveM, ile programu inayowawezesha watu kufungua seva zao wenyewe za GTA V. Rockstar Games waliichukua timu iliyoitengeneza mwezi Agosti 2023. Mji ni Los Santos, ule ule wa kubuni wa mchezo wenyewe uliotoka mwaka 2013, ila hakuna misheni za kukamilisha. Kila mtu ana kazi, kitambulisho, akaunti ya benki na rekodi ya polisi. Askari ni mchezaji, jambazi ni mchezaji, daktari ni mchezaji. Kifungo kinahesabiwa kwa miezi, na mwezi mmoja ni dakika moja ya saa yako ya ukutani.

Siku hiyo nilikuwa nimembeba abiria kutoka Legion Square, tunateremka kuelekea ufukwe wa Vespucci. Mhusika wangu alivaa jezi nyekundu. Kwenye taa za barabarani gari la polisi likanizibia njia, askari akashuka bastola mkononi. Toka nje, mikono juu. Nikatoka. Nikamwuliza nimefanya nini. Akanijibu, "Utaambiwa kituoni," akanitia pingu. Kinachonijia mpaka leo ni mita ya teksi. Ilikuwa dola 184 nilipofungwa mikono, na kupitia kioo niliiona ikipanda, 185, 186, injini inanguruma, abiria kakaa nyuma kimya hajui ashuke au abaki.

Kituoni Mission Row ndipo niliposikia kosa: wizi wa kutumia silaha kwenye duka. Miezi 40 jela ya Bolingbroke, faini dola 6,500, leseni ya teksi kusimamishwa. Dakika 40 za kuzunguka uwanja wa gereza, bando langu la siku linaisha. Faini ningeimeza. Leseni ndiyo iliyonichoma, maana bila leseni mhusika wangu hana kazi, na kazi hiyo niliijenga kwa miezi, abiria mmoja mmoja, mpaka watu wakawa wananipigia kwa jina.

Kufungua shauri ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unajaza hati ya madai kwenye Discord ya seva, yaani ukumbi wake wa mazungumzo mtandaoni, unalipa ada ya dola 500 za mchezo, karani anakupa namba ya jalada, na upande wa pili unapewa siku 7 kujibu. Wakili nilimpata kwa dola 8,000, nusu mwanzo, nusu mwisho. Mawakili wa seva hii wanafanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele ya jaji, na wangu alionyesha kwamba mtihani huo haukupita bure.

Hati ya kwanza niliiandika mwenyewe, na ukurasa mzima niliujaza lalamiko kwamba askari hakunisomea haki zangu. Wakili aliufuta wote. Nilikasirika. Akanieleza kwa utulivu kwamba sheria za seva zimefuata za Marekani, na kule hukumu ya Miranda ya mwaka 1966 inalinda maneno yako: ulichokisema ukihojiwa kizuizini bila kuonywa kisitumike kukutia hatiani. Haigusi uhalali wa kukamatwa kwenyewe. Tena mwaka 2022, katika shauri la Vega dhidi ya Tekoh, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kutoonywa peke yake hakumpi mtu njia ya kumdai askari fidia. "Na wewe kituoni hukusema lolote la kukudhuru," akaniambia. "Hapo hatuna cha kudai. Swali letu ni moja tu. Alipokufunga pingu, alikuwa anajua nini?"

Nikamwomba basi aingize ibara ya 49 ya Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, inayosema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Akasema ni kifungu kizuri sana, lakini Los Santos haiko Kenya. Nikakubali. Hata hivyo ibara hiyo ndiyo iliyonifanya nijue, nikiwa nimeegemezwa kwenye boneti ya gari la polisi, kwamba "utaambiwa kituoni" si jibu.

Kifungu tulichokitumia kimeigwa kutoka sheria ya Marekani ya mwaka 1871, iliyotungwa wakati Ku Klux Klan wakiwatisha na kuwaua Weusi wa Kusini huku serikali za majimbo zikitazama. Inamruhusu mtu kumdai mwenye madaraka aliyemvunjia haki ya kikatiba. Ilikaa karibu miaka 90 ikitumika kwa nadra, hadi shauri la Monroe dhidi ya Pape mwaka 1961. Polisi 13 wa Chicago waliivamia nyumba ya James Monroe alfajiri bila hati yoyote, wakaisimamisha familia yake uchi sebuleni, wakampeleka kituoni, mwishowe wakamwachia bila shtaka. Mahakama ikasema askari wale wanaweza kudaiwa. Nilisoma habari hiyo usiku ule ule, na baada ya hapo shauri langu la jezi nyekundu likaacha kuwa mchezo tu kwangu. Nilitaka liendeshwe vizuri, neno kwa neno, kwa heshima ya jambo lenyewe.

Kikao kilipangwa saa mbili usiku, saa za pwani ya mashariki ya Marekani. Hapa Mombasa hiyo ni saa tisa usiku. Nilikaa sebuleni taa zimezimwa, vipokea sauti masikioni, naongea kwa kunong'ona watoto wasiamke. Ukumbi wa mahakama wameuweka Rockford Hills, kwenye jengo la manispaa. Jaji akaingia, wahusika wote wakasimama.

Utetezi wa polisi haukuwa wa kipuuzi, na lazima niseme hilo. Walidai askari hakunikamata, alinizuia kwa muda tu ili achunguze. Kuna msingi wake: tangu Terry dhidi ya Ohio, mwaka 1968, askari wa Marekani anaweza kumsimamisha mtu kwa muda mfupi akiwa na shaka inayoelezeka, hata kabla ya kuwa na sababu ya kutosha kumkamata. Wakili wangu akajibu kwa Dunaway dhidi ya New York, mwaka 1979: ukimchukua mtu ukampeleka kituoni kumhoji, huko si kumsimamisha tena. Umemkamata, hata kama hujaliita hivyo, na sababu ya kutosha uwe nayo tayari. Mimi nilitolewa garini, nikafungwa pingu, nikapelekwa Mission Row. Jaji akaandika kitu. Nilisikia kibodi yake.

Kisha ikachezwa video ya kamera ya kifuani ya askari mwenyewe. Redio ilisikika wazi kabla hajanisimamisha: mwanamume, nguo nyekundu, anakimbia kwa pikipiki kuelekea kaskazini. Wakili akaisimamisha video.

"Mteja wangu alikuwa kwenye chombo gani?"

"Teksi."

"Akielekea wapi?"

"Magharibi, nadhani."

"Kulikuwa na mtu mwingine ndani?"

"Abiria."

"Ulimwuliza abiria walitoka wapi, na saa ngapi?"

Kimya. Kimya cha kweli, kile cha maiki iliyo wazi, unasikia feni ya kompyuta ya mtu ikizunguka.

"Sikumwuliza."

"Basi ulikuwa na nini?"

"Nguo nyekundu."

Abiria wangu alikuja kutoa ushahidi. Hakuwa na sababu ya kuja, hatukujuana kabla ya safari ile, na kwake pia ulikuwa usiku. Alieleza saa aliyopanda, na klipu yangu ya OBS, programu ninayorekodia skrini, ikaonyesha mita ilianza dakika 6 kabla ya duka kuvamiwa. Namshukuru mpaka kesho.

Kuna ushahidi mmoja ulikataliwa. Rafiki yangu alinitumia kipande cha matangazo ya moja kwa moja ya mchezaji mwingine, kinachomwonyesha jambazi mwenyewe waziwazi, na pikipiki yake. Jaji hakutaka hata kukiangalia, kwa kuwa mhusika wangu asingeweza kujua jambo lililoonekana kwenye skrini ya mtu nje ya mji. Iliniuma, ila alikuwa sahihi. Siku mahakama hiyo itakapopokea vitu vya nje, kila askari atakaa akitazama matangazo ya majambazi, na hakutabaki igizo wala upelelezi.

Hukumu ilitoka wiki moja baadaye, kurasa 4, imeandikwa kwa makini kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayejitolea bila malipo. Nilidai dola 100,000. Nikapewa 22,000: faini yangu 6,500, siku za kazi nilizopoteza 4,000, na 11,500 kwa kunyimwa uhuru. Rekodi ikafutwa, leseni ikarudi. Ukitoa ada ya wakili na ya kufungulia shauri nilibaki na 13,500, na humo 6,500 zilikuwa zangu tangu mwanzo. Kwa hiyo anayekwenda pale kutafuta utajiri asijisumbue.

Yaliyonikera yapo. Jaji wa kwanza alijitoa kwa sababu aliwahi kuwa askari wa idara ile ile. Kujitoa ni vyema, lakini alichukua siku 8 kukumbuka hilo. Vikao vyote ni kwa Kiingereza, hakuna mkalimani, na intaneti yangu ilipokatika katikati ya ushahidi nilipewa dakika 5 tu za kurudi. Pesa zenyewe zilikuja siku 11 baada ya hukumu, na kabla ya hapo karani alinijibu kwamba mahakama haina njia ya kuilazimisha idara kulipa. Hukumu isiyo na wa kuitekeleza ni udhaifu mkubwa, waulize wote waliowahi kushinda kesi ya madai popote pale. Wasimamizi wa seva wakitengeneza hilo, mahakama yao itakuwa imekamilika.

Jambo jingine: dai letu dhidi ya idara ya polisi, mbali na askari, lilitupwa. Jaji alisema hatukuonyesha kwamba kukamata watu kwa rangi ya nguo ni desturi ya idara. Nadhani alikosea, kwa sababu wakuu wa askari yule waliisaini ripoti bila kuisoma, na si ripoti yangu peke yake.

Ukifikwa na lililonifika, rekodi kila safari, hata ile isiyo na jambo. Chukua jina la askari na namba yake pale pale. Uliza kwa sauti, maiki ikiwa wazi, unakamatwa kwa kosa gani, kwa sababu kamera yake inanasa swali lako na inanasa na jibu lake. Usimtukane. Shauri ni la mhusika dhidi ya mhusika. Yule askari aliniandikia baada ya hukumu, nje ya mchezo, tukaongea karibu saa nzima. Ni kijana mstaarabu, mgeni kwenye kazi ile, na hakuna aliyemfundisha tofauti ya kumsimamisha mtu na kumkamata.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Rufaa ya ile sehemu ya idara tumeifungua Jumatatu, nimeshalipa dola 500 nyingine, na safari hii nimeomba kikao kiwe asubuhi yao.