Uzoefu wangu: tangi jipya la choo kwenye boti ya zamani ya matanga

Kwa kifupi: tangi la plastiki nene la kuhifadhia majitaka ya choo, lililochomelewa hapa hapa Dar es Salaam, pamoja na mipira mipya ya kupitishia majitaka na njia mbili za hewa, ni kazi niliyoridhika nayo kuliko zote nilizowahi kufanyiwa kwenye boti hii. Kama una boti ya faiba ya miaka ya 1970 kama yangu, na ukifungua chumba cha omoni, yaani cha mbele, harufu inakupokea, usihangaike na viraka. Toa tangi lote.

Boti ni ya futi 34, inalala Msasani. Mwisho wa wiki tunapeleka familia na wageni Mbudya au Bongoyo, na watoto wanaogelea pale pale tulipotia nanga. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari, lakini hata visingekuwa, sielewi mtu anavyoweza kufungulia choo kwenye maji wanamoogelea watoto wa mwenzake. Isitoshe majitaka ni mbolea: magugu ya baharini yanastawi na kufunika matumbawe, na tukiharibu matumbawe hatuna tena cha kuwaonyesha wageni.

Tangi la zamani lilikuwa la stenlesi, limefichwa chini ya kitanda cha omoni. Wengi wanaamini stenlesi haiozi. Choo cha boti kinavuta maji ya bahari, kwa hiyo mkojo na chumvi vinashinda pamoja ndani ya tangi, kwenye joto letu hili, na pa kwanza kuliwa ni pale palipochomelewa. Tulipolitoa juani tuliona vitobo vya ukubwa wa ncha ya sindano vimefuatana kwenye mshono wa chini, kila kimoja na doa lake la kahawia. Fundi mmoja aliviziba kwa kuchomelea, nikalipa, na kabla kusi haijaisha likavuja mshono wa pili. Hapo nikaachana na chuma.

Tangi la tayari la kuagiza nje lilinishinda kwa umbo. Yapo ya kila aina, lakini omo ya boti yangu inabana kwenda chini na hakuna lililokaa vizuri. Simtank ya kawaida ni ya mviringo na inakula nafasi bure. Basi nikaenda karakana moja Chang'ombe ambayo kazi yake ya kila siku ni kuunga mabomba meusi ya plastiki ya miradi ya maji. Plastiki ni hiyo hiyo polithilini, ila niliomba ya shiti, yaani bapa kama ubao, unene milimita 10. Mkojo hauifanyi kitu plastiki hii. Kasoro yake ni kwamba haishiki gundi za kawaida, wala faiba haigandi juu yake, kwa hiyo kila tundu na kila kiungio lazima kichomelewe.

Kabla ya kukata chochote tulitengeneza tangi la maboksi, tukalipitisha mlangoni na kwenye ngazi mpaka chini ya kitanda. Hilo la maboksi ndilo nililompelekea fundi. Ujazo ni lita 60. Likijaa ni zaidi ya kilo 60 zimekaa omoni, na boti ndogo inausikia uzito huo, kwa hiyo sikutaka kubwa zaidi.

Fundi huyu anajua kazi. Alikwangua kila ukingo kwa kisu mpaka plastiki mpya ikaonekana, kwa sababu uso uliokaa hewani haushikani vizuri. Akachomelea nje na ndani. Katikati aliweka ukuta wenye nafasi juu na chini ili majitaka yasipige huku na huku mawimbi yakikolea. Kisha akaziba matundu yote, akasimamisha bomba la mita moja na nusu, yaani kimo cha kutoka tangi hadi sitaha, akajaza maji mpaka mdomo wa bomba na kuliacha lilale hivyo. Asubuhi alipitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila mshono mbele yangu. Ilitoka kavu yote. Ukienda kwa fundi mwingine yeyote, dai jaribio hili. Siku tangi litakapojaa na mtu akaendelea kupiga pampu, majitaka yatapanda kwenye mipira hadi sitaha, na huo ndio uzito utakaolisukuma tangi.

Malalamiko ninayo. Ahadi za "njoo kesho" zilikuwepo. Na tundu la kutolea aliliweka vidole viwili juu ya sakafu ya tangi, wakati kwenye mchoro lilikuwa chini kabisa, kwa hiyo kuna mabaki yasiyotoka mpaka nimwage maji safi na kutoa tena. Kwa hilo namkata alama.

Mipira ilikula pesa kuliko tangi lenyewe, na sijutii. Mpira wa zamani wa milimita 38 tulipoukata, ndani umejaa ukoko mgumu kama jiwe, limebaki tundu la kuingia kidole gumba. Ule ukoko ni mkojo na maji ya bahari vilivyogandamana kwa miaka. Kwa tangi jipya na mipira ya zamani, harufu ingebaki. Ukitaka kujua hali ya mpira wako, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, uzungushie mpira, uache kipoe, kisha kinuse mbali na boti. Kikinuka, harufu inapenya ukutani mwa mpira. Ile mipira ya kunyonyea maji inayouzwa kwa bei nafuu ni mizuri shambani, lakini kwa choo hupitisha harufu mapema sana. Nunua ya majitaka, na kila ncha funga klipu mbili za stenlesi.

Njia ya hewa ndiyo ilibadilisha kila kitu. Zamani ilikuwa moja, nyembamba, nusu imeziba kwa chumvi. Majitaka yakikosa hewa, bakteria wanaostawi ni wale wanaotoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Sasa kuna mbili za milimita 25, moja kila ubavu, upepo unaingia huku unatokea kule. Faida nyingine: boti ikiwa nchi kavu na ukaita gari la majitaka, mvuto wake ni mkubwa, unaweza kulikunja tangi lisilo na hewa ya kutosha. Mpira wa gari ni mnene kuliko mdomo wa kutolea majitaka ulioko kwenye sitaha, kwa hiyo omba karakana ikutengenezee kiungio.

Gesi hiyo inaua, tena ikizidi pua inaacha kuinusa. Kabla ya kutoa tangi la zamani lisafishe kwa maji mengi, fungua madirisha yote, weka feni, na asiingie mtu chini peke yake.

Baada ya kufunga sijatia dawa kali. Jiki inaua bakteria wazuri pamoja na wabaya na inachosha mipira ya pampu. Siki inatosha kupunguza ukoko, na nikifunga boti kwa muda nasukuma maji yasiyo ya chumvi chooni, maana maji ya bahari yakilala ndani ya mpira nayo hunuka.

Kumwaga nakwenda nje kabisa. Kanuni ya kimataifa inayobana meli kubwa kwa majitaka yasiyotibiwa ni zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti yangu haihusiki, lakini nimeichukua kuwa kipimo changu. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni kama saa mbili na nusu, kwa hiyo napanga siku ya upepo mzuri na kuwaambia wageni mapema kwamba safari hiyo ni ya kusafiri, kuogelea ni siku nyingine.