Paipu ya shaba ya robo inchi kwa pailoti ya boila: tathmini baada ya miezi minane

Boila ya gesi ya mtungi tunayoitumia kufulia nguo hapa Sinza ilikuja na paipu nyembamba ya alumini inayopeleka gesi kwenye pailoti, yaani ule moto mdogo unaowaka muda wote ili kuwasha kichomeo kikuu. Alumini hupindika kwa urahisi, na watengenezaji wengi huipendelea, lakini haipatani kabisa na kostiki, yaani magadi makali tunayofulia. Matone yaliyoruka kutoka kwenye beseni yaliitafuna, unga mweupe ukatokea karibu na nati, na moto ukadhoofika hata ukashindwa kupasha joto la kutosha themokapo, yaani kihisi joto kinachoifanya vali ya gesi ibaki wazi, ndipo vali ikawa inajifunga yenyewe kila baada ya muda mfupi.

Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta paipu laini ya shaba, ile wanayotumia mafundi wa viyoyozi. Duka la kwanza liliniuzia paipu ya milimita 6 likidai kuwa ni sawa na robo inchi. Si sawa. Robo inchi ya paipu hizi hupimwa kwa nje, nayo ni milimita 6.35, tofauti hiyo, ambayo jicho haliioni, ilitosha kuifanya pete ya kubana, ile inayoziba kiungo ndani ya nati, icheze, na povu la sabuni tulilopaka kupima uvujaji likatutumka mara tulipofungua gesi. Kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kosa hilo silichukulii kuwa dogo.

Duka la pili, mtaa uleule, ndilo ninalolisifu. Muuzaji alipima kipenyo cha nje cha paipu kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, mbele yangu, akaikata kwa kisu cha kuzungusha badala ya msumeno, kisha akakwangua ukingo wa ndani. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa sababu tundu la pailoti ni dogo kuliko nusu milimita na chembe moja ya shaba huliziba. Upungufu wake ni kwamba rola la paipu lilikuwa limekaa wazi bila vizibo, hivyo nililazimika kuipuliza paipu nzima kabla ya kuifunga.

Chuma cha pua nilikifikiria, kwani hustahimili kostiki na joto vizuri zaidi, ila ni kigumu kukipinda kwa mkono katika nafasi finyu iliyo nyuma ya kichomeo. Mpira haufai kabisa mahali hapo. Shaba nayo ina adui wake: gesi yenye salfa nyingi huifanya itoe magamba meusi yanayoweza kuziba tundu, na kwa hiyo fundi wetu huifungua na kuikagua kila baada ya miezi mitatu. Hadi sasa hajakuta magamba, na moto ni wa buluu, umetulia.

Anayenunua aombe pia nati na pete mpya, kwa kuwa pete iliyokwisha kubanwa haishiki tena sawasawa kwenye paipu nyingine.