Matone ya kromoglikati 2%: dawa nzuri kwa macho ya aleji, haina kazi kwenye mafua

Matone ya sodiamu kromoglikati 2% ni dawa nzuri inayosingiziwa. Wanaoilaumu husema mambo mawili: inachoma, tena haifanyi kazi. Kuchoma ni kweli, ingawa ni kwa sekunde chache tu. Hilo la pili mara nyingi hutokea kwa sababu mnunuzi hakuwa na aleji, au aliiacha siku ya tatu.

Kwenye kaunta utasikia: "Musawo (yaani mganga, kwa Kiganda), nipe ile ya macho mekundu." Mhudumu anayejua kazi hajibu kwa kutoa kichupa. Anauliza kwanza: "Mama, yanawasha au yanauma? Yalianza yote mawili?"

Aleji huwasha. Mgonjwa, hasa mtoto, hawezi kuacha kuyafikicha, na akifikicha anazichokoza seli zinazomwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, kwa hiyo mwasho unazidi. Macho yote mawili huanza karibu kwa pamoja, machozi ni maji matupu, chafya zinafuatana, pua na kaakaa navyo vinawasha, na homa hakuna. Hali hiyo hudumu wiki nyingi na hurudi kwa majira yake: hapa Uganda, kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi jekundu linapotimka, au kila asubuhi mwaka mzima ikiwa chanzo ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, kwenye godoro na zulia.

Mafua kwa kawaida huanza na koo, kisha mwili unachoka, na homa huweza kuja. Macho hutoa machozi lakini hayawashi sana, na ndani ya siku 7 hadi 10 mtu huwa amepona au anaelekea kupona. Hapo kromoglikati ni kupoteza pesa.

Kuna na macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyosambaa Uganda mwaka 2024. Haya huanza jicho moja, la pili likafuata baada ya siku moja au zaidi. Mgonjwa huhisi kama ana mchanga jichoni, kope hugandana asubuhi, na pengine tezi iliyo mbele ya sikio huvimba. Huyo anahitaji kitambaa safi cha maji baridi, taulo yake peke yake na kunawa mikono kila mara. Tongotongo la njano au kijani linalotoka mchana kutwa huashiria zaidi bakteria.

Ukishajua ni aleji, dozi ya kawaida ni tone 1 au 2 kila jicho, mara 4 kwa siku. Hii ni dawa ya kuzuia: inazituliza seli zisimwage histamini, haiondoi ile iliyokwisha kumwagika. Ndiyo maana nafuu huchukua siku kadhaa, hata wiki 2, na ni vizuri kuanza kabla ya kiangazi chenyewe. Nawa mikono, vuta kope ya chini, dondosha bila ncha kugusa jicho, fumba macho dakika 1 au 2 huku ukibonyeza taratibu kona iliyo karibu na pua. Ukiwa na dawa nyingine ya macho, subiri dakika 5. Lenzi laini zinazovaliwa jichoni zitoe kwanza, uzirudishe baada ya dakika 15. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo, maana vichupa vingi hutupwa baada ya siku 28, na usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kasoro yake kubwa ni hiyo mara 4. Mtoto wa shule ni vigumu kuitimiza. Olopatadini 0.1%, matone mengine ya aleji, hutiwa mara 2 tu kwa siku na hutuliza mwasho ndani ya dakika chache. Kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini mwenye uwezo tunamshauri aichukue. Matone ya kung'arisha macho yenye nafazolini tusingeyanunua: ukizidisha siku 3, wekundu huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Linalotutia hofu hasa ni matone yenye deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, peke yake au pamoja na antibayotiki. Mwasho unaisha haraka, mzazi anafurahi, na kichupa kinanunuliwa tena na tena bila daktari kujua. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho hadi kuua mshipa wa kuona, na huleta mtoto wa jicho. Soma lebo kabla ya kulipa, na ununue kwenye famasi yenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Maumivu makali, kuogopa mwanga, kuona ukungu, weupe kwenye kioo cha jicho, jicho jekundu kwa mvaa lenzi, au usaha kwa mtoto mchanga: usinunue matone yoyote. Nenda siku hiyo hiyo kwenye kitengo cha macho, kama Mulago au Mengo kwa walio Kampala, Ruharo kwa walio Mbarara, au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.