Baada ya miaka tisa nimebadilisha boti ya Pemba

Mama alifanyiwa jicho hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mwezi wa Juni, mtoto wa jicho, jicho la kulia. Wiki tatu baadaye daktari alimruhusu kurudi nyumbani Kengeja, Pemba, akaniita pembeni akanambia: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asijikaze. Nikaitikia, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika mkondo wa Nungwi, ile bahari ya wazi kati ya Unguja na Pemba. Aliyewahi kwenda Pemba mwezi wa Julai anajua bahari ya kusi, upepo wa kusini, ilivyo. Mama yangu bahari humlevya tangu nilipokuwa mtoto, na kutapika ni kujikaza kuliko kubeba ndoo ya maji kichwani.

Kwa miaka tisa nimepanda boti za kampuni moja. Naishi Mwanakwerekwe, Unguja, nyumbani ni Pemba, na kwa mwaka navuka mara nne au tano: sikukuu, harusi, misiba, msimu wa karafuu. Kampuni ile sikuichagua kwa kuilinganisha na nyengine, niliikuta, nikaizoea. Boti yao ina kasi, na ikitulia bahari ni saa mbili na ushei umefika Mkoani. Kilichoanza kunichosha ni mambo ya nchi kavu. Mara mbili walibadilisha saa ya kuondoka kwa ujumbe wa simu uliotumwa usiku wa manane. Mara ya pili nilikuwa nakwenda kumzika ami yangu. Nilifika Malindi, bandari ya mjini Unguja, nikakuta gati tupu, na pale dirishani nikajibiwa kwamba ujumbe ulitumwa. Nilipofika Kengeja kesho yake wameshazika na wameshamaliza hitma, kisomo cha maiti, ya siku ya kwanza. Hilo sijalisahau.

Lakini mtu hubaki na kitu alichokizoea mpaka apate sababu kubwa. Jicho la mama ndilo lililonipa sababu.

Ndege ya kushuka Chake Chake, Pemba, ipo, na ni safari ya nusu saa. Niliiwaza. Watu wawili na mizigo ingenila mshahara, na mama mwenyewe hataki kusikia habari ya ndege. Jirani yangu, ambaye mumewe ni baharia mstaafu, ndiye aliyenambia nijaribu chombo cha kampuni nyengine, kizito zaidi na cha polepole. Maneno yake yalikuwa haya: "Shoga, boti nyepesi inarukaruka, meli nzito inakwenda mrama taratibu. Mgonjwa mpe mrama." Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Kumbe zile boti za kasi zenye matumbo mawili yaliyounganishwa juu hulipokea wimbi kwa mpigo mfupi mfupi wa haraka, na mpigo ule ndio unaolipindua tumbo la mtu kama mama. Chombo kizito chenye tumbo moja hulala upande huu, kikaja upande wa pili, kwa mwendo mrefu. Wapo wasioupenda huo pia. Kwa mama niliona nijaribu.

Kukata tiketi kulinipa wasiwasi. Ofisi yao ni chumba kidogo, feni haizunguki, na kijana aliyekuwepo aliandika majina kwa mkono kwanza ndipo akayaingiza kwenye kompyuta. Niliweka kitambulisho changu cha Mzanzibari na cha mama. Alikiangalia cha mama, akanirudishia akisema jina la babu halisomeki vizuri, nimtajie herufi kwa herufi. Nilikasirika kidogo, nyuma yangu kulikuwa na foleni na jua linawaka. Nilimtajia. Nauli ilikuwa pungufu ya ile niliyoizoea, si kwa kiasi kikubwa, lakini inatosha kumlipa hamali huku na kule.

Asubuhi ya safari ndipo nilipoelewa kwa nini kijana yule alishughulika na herufi. Pale mlango wa kuingilia gatini alisimama mwanamke na karatasi ya majina, na kila aliyepita alisomwa jina kamili na kuwekewa alama. Watoto pia. Mbele yetu alikuwa mama mmoja amebeba mtoto wa miezi kama minane mgongoni kwa kanga. Kwingine nilikozoea, mtoto kama yule hupita tu kama sehemu ya mzigo wa mamake. Hapa aliulizwa: mtoto anaitwa nani? Jina likaandikwa. Aliyekuja na tiketi ya mtu mwengine alirudishwa dirishani akabadilishe jina, japo alilalamika sana.

Kwa msomaji wa mbali pengine hili ni jambo dogo. Kwetu Pemba si dogo. Meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea kwetu, imejaa watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kijijini kwetu zipo nyumba ambazo mpaka leo hawajui ndani ya Spice Islander walikuwemo wangapi wa kwao, kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko majina. Tangu siku zile mama akiingia chomboni haangalii kiti, anatafuta maboya yako wapi. Kwa hivyo alipomsikia mtoto wa miezi minane akisomwa jina, alinikamata mkono akaubana. Hakusema kitu.

Tulipewa viti vya mbele, karibu na omo, yaani pua ya chombo, kwenye dirisha. Nilifurahi, nikidhani ndiko kuzuri. Akapita baharia mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa fulana ya buluu iliyopauka mabegani. Akamuona mama na miwani yake myeusi. Akainama mbele yake mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Shikamoo bibi. Umefanyiwa jicho?"

"Marahaba mwanangu. Nimefanyiwa."

"Basi hapa sipo pako. Njoo nikupeleke kati."

Alitwaa pakacha la mama kwa mkono mmoja, mkono wa pili akampa mama akamatie, akatembea naye hatua kwa hatua mpaka ukumbi wa chini, safu za katikati kuelekea nyuma. Akazungumza na kijana mmoja aliyekuwa amelala kwenye viti vitatu, akampisha. Akanieleza na mimi sababu: chombo kikipanda wimbi, omo ndio unaonyanyuka na kushuka sana, na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Kati na chini ni kama shina la mti, matawi yakipepea lenyewe halendi mbali. Halafu akanambia, "Dada, mpe tangawizi kabla hatujafika Tumbatu, usingoje aanze." Tangawizi nilikuwa nayo, na dawa daktari alishamruhusu anywe saa moja kabla. Nilikuwa nimempa na mkate wa mofa kipande na chai ya rangi, maana tumbo tupu hulewa haraka kuliko lililoshiba kidogo.

Kabla ya kung'oa nanga walionyesha namna ya kuvaa maboya. Si kanda ya televisheni inayopiga kelele watu wakiendelea na simu zao. Mabaharia wawili walisimama katikati ya ukumbi. Mmoja aliazima mtoto wa abiria, msichana wa miaka mitatu hivi, akamvisha jaketi dogo, na akatuonyesha ule mkanda unaopita katikati ya miguu. Akaukaza, akanyanyua jaketi kwa mabega, na mtoto akanyanyuka nalo. Halafu akaufungua mkanda, akanyanyua tena, na jaketi likapanda mpaka masikioni mwa mtoto, mwili ukabaki chini. Ukumbi ukanyamaza. Nimepanda boti miaka yote hii na nina watoto watatu, na ule mkanda nilikuwa naudhania wa kutundikia.

Tuliondoka saa 1:20 asubuhi. Mpaka Mangapwani bahari ilikuwa kama sinia. Tumbatu ikapita kuliani, kisha kile kisiwa kidogo cha Mwana wa Mwana, na bado watu walikuwa wakipiga soga na kula sambusa. Huo upande wa magharibi wa Unguja umekingwa na kisiwa chenyewe, ndiyo maana msafiri mgeni hudanganyika akadhani safari yote itakuwa hivyo. Ukishauacha mnara wa Nungwi unatoka kwenye kivuli. Mbele yako hakuna ardhi ya kukukinga mpaka Pemba, na maji yenyewe yanabadilika rangi, kwa sababu Unguja imekaa kwenye maji mafupi yanayoungana na bara, Pemba imekaa peke yake kwenye maji marefu.

Kusi lilitupata pale. Ukienda Pemba Julai mawimbi yanakuja mgongoni, kidogo ubavu wa kulia, kwa hivyo chombo hakipigi kichwa, kinasukumwa tezi, yaani nyuma, halafu kinalala. Nilihesabu kimoyomoyo kila kilipolala mpaka kiliposimama tena, na ilikuwa hesabu ndefu kuliko nilivyozoea. Mama alikuwa na tasbihi. Niliambiwa nimwambie atazame mbali nje, lakini kwa jicho lile hakuona mbali, basi alifumba macho akaegemeza kichwa kwenye bega langu. Watu walitapika, siwezi kusema hawakutapika. Mabaharia walipita na mifuko kabla mtu hajaomba, na walirudi kuikusanya. Mama alichafukwa mara moja, akabana midomo, nikampa kipande cha tangawizi akakitafuna, ikapita. Saa 1 na nusu ya mkondo ule, hakutapika hata mara moja. Nimevuka naye si chini ya mara ishirini na sijawahi kuliona hilo.

Yasiyonipendeza nayo yapo. Vyoo mpaka tunakaribia Makoongwe vilikuwa vimejaa maji sakafuni, na mzee hawezi kuingia mule bila ya kushikwa. Matangazo ya nahodha hayasikiki ukumbi wa chini, tukawa tunaulizana. Mizigo ilipakiwa taratibu mno Malindi, ndiyo maana badala ya saa 1 kamili tuliondoka saa 1:20. Na safari ni ndefu: saa 3 na dakika 40, na mwenye haraka ya mazishi hii si boti yake. Kushuka Mkoani ndiko kulikonitia hofu kuliko mkondo, maana maji yalikuwa yamekupwa na ubao wa kushukia ulisimama mkali, hauna sehemu ya kushika upande mmoja. Yule yule kijana wa fulana ya buluu alitangulia akishuka kinyumenyume, mama amemshika mabega yote mawili. Nilitaka kumpa chochote, akakataa, akasema nimuombee dua tu. Tulipokuwa kwenye gari kuelekea Kengeja mama alisema maneno mawili, "Yule kalelewa," na kwa mama yangu hiyo ni sifa anayoitoa kwa uchache.

Kampuni niliipima hasa kwenye kurudi. Nilikuwa nirudi Jumatano peke yangu. Jumanne alasiri simu ikalia, sauti ya mtu, sio ujumbe: Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, chombo hakitoki kesho, nataka kungoja Alhamisi au nataka pesa zangu? Nikachagua Alhamisi, sikutozwa kitu. Siku niliyoipoteza kazini iliniuma, lakini nilikumbuka gati tupu la Malindi na ami yangu. Siku ile niliitumia kwa mama, nikampeleka hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani akaangaliwe jicho. Wakasema ni safi.

Kurudi bahari inakuja omoni na ni ngumu zaidi. Chombo kizito hupiga kichwa na maji yanarushwa mpaka madirisha ya juu. Nilitapika mimi. Nilikuwa nimekula samaki wa kukaanga asubuhi, na nimekaa juu kwa sababu chini kulijaa, kwa hivyo kosa siwatupii wao.

Nimewaandikia ofisini mambo mawili tu: ule ubao wa Mkoani uwekewe kamba au chuma pande zote mbili, na choo kimoja cha chini kiachwe kwa wazee na wagonjwa, baharia akiangalie. Kijana wa dirishani alinipigia kusema barua imefika kwa mkubwa wake.

Jicho la pili la mama linafanyiwa Disemba. Wakati huo ni kaskazi, upepo wa kaskazini, mawimbi yatakuwa mgongoni tukitoka Pemba na omoni tukirudi. Nimeshaomba viti viwili vya chini, safu za kati kuelekea nyuma, na jina la babu nimeliandika kwa herufi kubwa.