Stellarium: programu ya nyota niliyoitumia kuikagua ishara ya Ufunuo 12

Kama ulikuwepo mtandaoni Septemba 2017 utakumbuka zile video, kwamba mwanamke wa Ufunuo 12 anatokea angani tarehe 23, amevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake, taji ya nyota kumi na mbili kichwani, na baada ya hapo ndo basi tena. Mimi nilitumiwa zaidi ya tano kwa siku moja, na mwalimu mmoja aliyekuwa anatufundisha unabii wakati ule alituambia tusipange jambo lolote baada ya tarehe hiyo, kuna dada kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia akawa halali usiku kwa hofu. Hapo ndo nikasema ngoja niangalie mwenyewe, nikadaunlodi Stellarium, na mpaka leo sijaifuta. Kwa hiyo hii ni tathmini ya mtu anayeitumia kwa kazi moja tu, kuangalia kama yale yanayosemwa kuhusu unabii na nyota kweli yalikuwepo angani.

Kwa asiyeijua, ni programu ya kompyuta ya bure kabisa, chanzo chake kiko wazi kwa yeyote, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, inaingia Windows, Mac na Linux, na ya simu ipo pia ingawa huko vitu vingine ni vya kulipia. Unaiambia uko sehemu gani ya dunia na ni saa ngapi, inakuchorea anga kama ungetoka nje ukaangalia juu. Sasa utamu ni kwamba sio lazima uwe hapo ulipo wala sio lazima iwe leo. Unabonyeza F6 unatafuta Jerusalem, unabonyeza F5 unaweka mwaka unaoutaka, umeshafika. Herufi C inaleta mistari ya makundinyota, R inaleta michoro yake, na A inaondoa hewa ya dunia ili uone nyota hata mchana. Hiyo A ishike kichwani maana bila hiyo Ufunuo 12 huwezi kuukagua.

Nikaweka 23 Septemba 2017. Na kusema ukweli mwanzoni nilishtuka, kwa sababu walichosema kipo! Jua liko ndani ya Mashuke, lile kundi linalochorwa kama bikira ameshika suke la ngano, mwezi uko upande wa miguuni, Mshtarii (yaani Jupita) iko humohumo ndani ya Mashuke, na juu ya kichwa kuna Simba, na ndani ya Simba kuna Zuhura, Mirihi na Utaridi. Wanahesabu nyota tisa za Simba wanaongeza sayari tatu, kumi na mbili. Nilikaa nikaiangalia skrini muda mrefu bila kusema kitu.

Halafu nikaanza kuisogeza tarehe, na hapo ndo programu hii inapokuwa na faida kuliko video mia, kwa sababu video inakuonyesha siku moja waliyoichagua wao, hii inakupa siku zote. Jua linakaa Mashuke kila mwaka, kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Oktoba hivi. Mwezi unazunguka anga lote kila siku 27 na kidogo, kwa hiyo kila mwaka lazima kuna siku moja au mbili jua liko kwa bikira na mwezi uko miguuni. Mshtarii inarudi Mashuke kila baada ya miaka kama 12. Zile sayari tatu kuwa Simba kwa pamoja ndo adimu zaidi, lakini sio mara moja tu tangu dunia iumbwe, mwanaastronomia Christopher Graney aliwahi kuonyesha kwamba mpangilio kama huo ulitokea pia 1827, 1483, 1293 na 1056. Weka Septemba 1827 uone. Na zile nyota tisa za Simba, ondoa mistari kwa kubonyeza C tena halafu vuta karibu, utaona nyota kibao, tisa ni hesabu ya mchoro wa mtu. Wakasema pia Mshtarii ilikaa tumboni miezi tisa, mimi niliifuata siku moja moja kwa kubonyeza alama ya =, iliingia kwenye mipaka ya Mashuke Agosti 2016 ikatoka Novemba 2017, hiyo ni miezi kama 15, sasa tumbo linaanzia wapi linaishia wapi? Mipaka hiyo yenyewe ilipangwa na wanaastronomia karne ya 20, Yohana akiwa Patmo hakuwa nayo.

Kuna kitu kingine ndani ya programu ambacho watu hawakigusi, sehemu ya tamaduni za anga. Unaweza ukabadilisha michoro ukaweka ya Wababeli, na pale penye bikira Wababeli walikuwa na mfuo wa shamba pamoja na suke la nafaka. Nilipoona vile nikaelewa kwa nini Kiswahili kinaliita Mashuke, na ile nyota yake kubwa, Spica, maana yake kwa Kilatini ni suke hilohilo. Nyota ni zilezile, hadithi juu yake ni nyingi. Ndo maana sikubali mtu anaposema picha ya angani inajieleza yenyewe.

Na hapa niseme ninachokiamini bila kuzunguka, mimi ni mwamini na Ufunuo naupenda kuliko vitabu vyote. Yohana hakutuacha tubahatishe. Kwenye 1:20 nyota saba zinafafanuliwa palepale kuwa ni malaika wa makanisa saba. Na jua, mwezi na nyota kwa pamoja tulishaviona kwenye ndoto ya Yusufu, Mwanzo 37:9, jua na mwezi na nyota kumi na moja zinamwinamia, na Yakobo akaelewa saa ileile kwamba ni baba, mama na ndugu zake, hakutoka nje kuangalia juu. Kumi na moja ukimweka na Yusufu mwenyewe ni kumi na mbili. Kwangu mimi yule mwanamke anaanzia hapo, watu wa Mungu ambao Masihi alizaliwa kwao, wengine wanamuona Mariamu na wengine Kanisa na sina ugomvi nao, angalau wote hao wanaitafsiri Biblia kwa Biblia. Nilimwonyesha yule dada Septemba 1827 kwenye laptopu, kisha tukafungua Mwanzo 37, tukakaa nayo mpaka usiku.

Miezi ya damu nayo. 2014 na 2015 kulikuwa na kupatwa kwa mwezi kamili mara nne mfululizo, 15 Aprili na 8 Oktoba 2014, 4 Aprili na 28 Septemba 2015, na zote ziliangukia Pasaka ya Kiyahudi na Sikukuu ya Vibanda, watu wakaisoma pamoja na Yoeli 2:31, mwezi kugeuka damu. Inatisha ukiisikia hivyo. Lakini kalenda ya Kiyahudi inafuata mwezi, Pasaka na Vibanda zote zinaanza tarehe 15 ambapo mwezi ni mpevu, na mwezi hauwezi kupatwa isipokuwa ukiwa mpevu, kwa hiyo kukutana ni jambo la kutarajiwa. Wekundu wenyewe ni mwanga wa jua unaopita kwenye hewa ya dunia ukapinda mpaka ukafika mwezini. Sasa fanya hivi, weka Jerusalem, pitia tarehe zote nne. Tatu za kwanza mwezi uko chini ya upeo wa macho muda wote wa kupatwa, hakuna mtu Jerusalem aliyeona chochote! Ya nne tu ndo ilionekana, alfajiri, kabla mwezi haujazama. Ishara kwa Israeli ambayo mara tatu kati ya nne Israeli haikuiona, mimi hilo lilinitosha.

Nyota ya Bethlehemu ndo iliyonichukua muda mwingi, na hapa kuna mtego lazima niutaje maana ulinipotezea wiki nzima. Wanaastronomia wana mwaka 0, sisi kwenye historia hatuna, tunatoka 1 KK tunaingia 1 BK. Kwa hiyo ukitaka 7 KK kwenye Stellarium unaandika -6, ukitaka 2 KK unaandika -1. Mimi nilikuwa naandika -7 nashangaa mbona sayari haziko alikosema Kepler, mwanaastronomia wa zamani aliyeihusisha nyota hiyo na kukutana kwa Mshtarii na Zohali. Ukiweka -6 unaziona, Mshtarii na Zohali zinakaribiana kwenye kundi la Samaki mara tatu ndani ya mwaka mmoja, ni nzuri mno kuitazama zikienda mbele, zikirudi nyuma, zikienda tena. Ila hazigusani, hata zilipokaribiana kabisa kati yake kulibaki nafasi ya kama digrii moja, yaani upana wa miezi mipevu miwili, kwa hiyo hiyo sio nyota moja. Ile ya 17 Juni mwaka 2 KK ni tofauti, Mshtarii na Zuhura zilisogeleana mpaka kwa macho zinaonekana kitu kimoja, tena karibu na nyota kuu ya Simba, shida ni kwamba wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode 4 KK, na Mathayo anasema Herode alikuwa hai. Halafu kuna ile ya kusimama juu ya mahali alipokuwa mtoto. Wanasema sayari inasimama inapogeuza mwendo. Ni kweli inasimama, lakini ukilinganisha na nyota nyingine, bonyeza L muda ukimbie uone, usiku huohuo bado inachomoza mashariki na kuzama magharibi kama kawaida. Nyumba haiwezi kuonyeshwa namna hiyo. Mamajusi naamini waliona kitu, na naamini Mathayo 2:9 inaongelea jambo ambalo programu haiwezi kulichora.

Lile giza la masaa matatu pale msalabani usihangaike nalo, Pasaka ni mwezi mpevu na jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo tu, isitoshe kupatwa kamili kwa jua hakufiki hata dakika 8. Ila weka 3 Aprili mwaka 33, moja ya tarehe zinazotajwa za kusulubiwa, jioni, Jerusalem, mwezi unachomoza ukiwa umeshaanza kuliwa na kivuli cha dunia. Kuna wasomi wanaounganisha hilo na maneno ya Petro siku ya Pentekoste, mwezi kuwa damu. Hiyo bado naitafakari. Amosi 8:9, jua kuchwa adhuhuri, nayo iko vizuri ukiangalia 15 Juni 763 KK (andika -762), kupatwa ambako Waashuru walikuandika kwenye kumbukumbu zao. Kuwa makini na saa tu, mzunguko wa dunia umekuwa ukipungua kasi, na kwa karne za nyuma namna hiyo programu inatumia makadirio, dakika zisiwe hoja.

Ambacho haifanyi, haikuonyeshi moshi wala mawingu. Ile Siku ya Giza ya 19 Mei 1780 kule New England, Marekani, ambayo wengi waliihesabu kuwa ishara, ukiiweka unaona jua la kawaida kabisa na mwezi uko upande wa pili wa anga, kwa hiyo unajua halikuwa jua kupatwa, basi, mambo ya moto wa misitu unatafuta kwingine. Na wale wanaosema Apophis, lile jiwe kubwa la angani, ndo Pakanga, nyota inayoanguka kwenye Ufunuo 8, kuna kiongezo cha kuingiza vimondo ndani ya programu, kiwashe uone njia yake ya 13 Aprili 2029, itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia na kuendelea na safari.

Kompyuta ya zamani sana inaweza kuhangaika nayo kwa sababu inachora kwa kadi ya picha, na siku za kwanza vitufe vitakuchanganya. Nyota tano kwangu bado. Anayefundisha unabii aiweke kabla ya kusimama mbele za watu. Ukiishaiweka anza na 28 Septemba 2015, Jerusalem, saa kumi usiku, bonyeza L mara chache halafu mwangalie mwezi.