YAML na sifuri ya mbele: bibi yupo dirishani, programu inasema hayupo

Nilijiapiza nisiandike tena kuhusu hili, lakini leo nimekumbuka na damu imechemka upya.

Programu yenyewe ndogo. Chama kimoja cha wakulima huku kwetu Mtwara, upande wa Newala, waliniomba kitu cha kuonyesha nani kapima kilo ngapi kabla korosho hazijaenda mnadani. Nikaandika kwa lugha ya Python, orodha na mipangilio nikaiweka kwenye faili la YAML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa ili programu iyasome, maana kila mtu anaisifu: halina mabano, hata karani asiyejua kompyuta analifungua na kuongeza jina. Na kweli aliongeza. Mstari mmoja wa PyYAML, kisomaji cha YAML ndani ya Python, unalisoma lote, data mkononi. Raha tupu. Siku mbili.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja, kadi yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Karani akaandika namba yake, 0145. "Mkulima hayupo." Akarudia. Hayupo. Yule kijana, bila hata shikamoo, akamwambia, "Bibi, wewe haupo, pisha wengine."

Bibi akamtazama. "Sipo? Na huyu unayeongea naye ni nani?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nimekaa nyuma ya karani na laptopu yangu, natamani ardhi ipasuke.

Aliyefuata, 0148, yupo. 0149 yupo. 0146 hayupo. Nikadhani nimerogwa, mpaka nilipoiambia programu inionyeshe ilichosoma: 0145 imekuwa 101! Kumbe PyYAML inafuata YAML 1.1, na huko namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa nane nane, utadhani wakulima wetu wana vidole vinane. 0148 ilipona kwa kuwa tarakimu 8 haimo kwenye hesabu hizo, zinaishia 7, ikaachwa kama maandishi. Faili moja, wengine namba, wengine maandishi, na onyo hata moja hakuna. Saa ya kufunga mizani, 11:30 jioni, nayo ikageuzwa kuwa dakika, 690. Nani aliomba?

Toleo la YAML 1.2 liliyafuta hayo mwaka 2009. 2009! Ingawa hata huko 0145 ingesomwa 145, sifuri inaliwa vilevile. YAML naipa nyota moja, na hiyo ya huruma.

Haya, nikubali na langu. Ningeziwekea namba zile alama za nukuu, yasingetokea. Na majaribio niliyafanya kwa namba za kubuni, 0898 na 0999, nikajiona fundi. Nilitaka kuhamia TOML, mpangilio mwingine wa mafaili kama haya, kisomaji chake kinakuja na Python kuanzia 3.11, ukiiandikia 0145 bila nukuu inakugomea palepale, mgomvi wa aina ninayoipenda. Lakini karani keshazoea faili lake, sikuwa na nguvu ya kumfundisha upya. Nikabadili kisomaji tu, sasa natumia BaseLoader ya PyYAML hiyohiyo, kila kitu kinabaki maandishi, kugeuza nageuza mwenyewe. Msimu mzima haijasumbua. Basi ziwe nyota tatu. Mbili na nusu.

Bibi nilimfuata chini ya mwembe. "Shikamoo bibi. Kosa langu, sasa upo."

"Marahaba. Nionyeshe."

Nikamsogezea laptopu, akaweka kidole kwenye kilo zake, akazisoma kwa sauti ili foleni isikie. Karani mpaka leo hajamwomba radhi.