Duka la CD za gemu Ngamiani: mzee alibandika bei juu ya namba

Nilikwama kwa Meryl, mhusika wa gemu, nikiwa darasa la sita. Kibanda chetu cha gemu pale Makorora, Tanga, kilikuwa na Metal Gear Solid ya kuchomwa, CD mbili kwenye nailoni, jina limeandikwa kwa maka peni. Ukifika mahali fulani, rais wa kampuni ya silaha anamwambia Snake, yule unayemchezesha, amtafute Meryl kwenye redio, namba iko nyuma ya kava la CD. Kava lipi, wakati sisi tuna nailoni? Na kwa kuwa bwana huyo anamkabidhi Snake diski, tulimaliza mchana mzima tukiikagua diski ya ndani ya gemu. Rais mwenyewe keshakufa humo kwenye gemu, hakuna wa kumuuliza, na mwenye kibanda anahesabu dakika zake.

Kwa hiyo juzi nilipoiona orijino ya mwaka 1998 kwenye duka la CD za mitumba Barabara ya 12, hata kupunguziwa sikuomba. Shilingi 25,000.

Mzee wa pale kazi anaijua. Kabla hajashika pesa akaniuliza, "Mwanangu, mashine yako imepigwa chipu?" Maana hii ni ya Marekani, na pleisteshen ya Ulaya isiyo na chipu haiisomi. Akazigeuza CD zote mbili kwenye mwanga wa mlangoni nione mgongo wake mweusi, akanisomea na namba: SLUS-00594 ya kwanza, SLUS-00776 ya pili. Wapo wanaokuuzia kava la hii na CD ya ile, ukagundue usiku.

Shida ni stika. Bei anaibandika nyuma ya kava, stika ya njano yenye gundi ya kufa mtu, na hii yangu ilikalia palepale penye vipicha vidogo vya gemu. Nyumbani nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikaanza kusugua kwa ukucha. Bahati karatasi iko ndani ya plastiki, la sivyo ningeichana. Ikatoka 140 kwanza, halafu nukta, halafu 15. Nikawasha mashine nikapiga. Meryl akapokea.

Nilirudi kumsimulia mzee, nikamwongezea na ya gemu ya StarTropics ya Nintendo, ya mwaka 1990: ndani ya boksi mlikuwa na barua, ukiichovya majini inatokea namba 747, ambayo gemu inakudai. Aliyenunua mtumba bila barua alikuwa na kazi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Hapa Tanga barua hiyo ingeshafungiwa karanga zamani!"

Nampa nyota nne. Anafunga saa za swala na hapokei pesa za simu, nenda na taslimu. Na mzee wangu, nakuomba, bei bandika mbele.